Kilo Tatu za Kipyego

Kimumu, Eldoret
14 Januari 2024

Dada Jebet,

Kabla sijakusalimia, ujue barua hii inatoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote Uasin Gishu. Nimepimwa. Daktari aliniangalia, akaangalia karatasi, akaniangalia tena, akasema, "Bwana Kipyego, wewe na dada yako damu ni moja, na figo zako ni za kijana." Mimi nimefika Ulaya. Nimekuwa pacemaker wa mbio kule Uholanzi, nikavuta Wazungu nyuma yangu huku watu wakipiga makofi, lakini sijawahi kupewa sifa kama hizo. Katika ukoo wote, na wale wanaojiita wazima kwa sababu hawali nyama usiku, ni mimi nimepatikana.

Sasa salamu. Hujambo Mwalimu, na shemeji Mbuthia hajambo, na watoto? Hapa tuko salama. Angeline anakusalimia ingawa amenuna, kwa sababu nimejaza viatu sitting room tena. Wanariadha wamerudi kutoka mbio za ng'ambo na kila mmoja ana pea za kampuni anazotaka kuniuzia. Collins wangu amekuwa mrefu kunipita, na anakula kama mtu aliyeandikwa kazi ya kula.

Umesema hutaki simu yangu tena, ati nikicheka unasahau ulichokuwa unauliza. Sawa. Nimenunua karatasi. Niliishia form two lakini kalamu bado inanitambua.

Kuna kitu kimoja tu kidogo daktari amekataa, na ni hiki kitambi. Anasema niko juu na kilo tatu, na mtu wa kutoa figo lazima ashuke kwanza ndio kisu kipite vizuri. Kilo tatu, Jebet. Hiyo si ni jogoo mmoja na supu yake. Na mimi sikai Mombasa, nakaa Eldoret, mahali mbwa wenyewe wanafanya mazoezi ya intervals. Nimeshaanza kukimbia. Mwambie Chepkirui wa shangazi aendelee na viazi zake huko Ainabkoi. Msichana hajaolewa, hajazaa, akatwe ya nini na mimi niko? Figo yako inakimbia kila asubuhi barabara ya Kimumu ikiwa ndani yangu, inakuja.

Ni mimi, ghala lako,
Kipyego


Karatina
3 Februari 2024

Kipyego,

Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya chapati pembeni. Kwa hivyo mambo ya kilo tatu nimeyaelewa kabla sijayasoma.

Sisi tuko. Mbuthia amenunua ng'ombe anayempiga teke kila asubuhi, na anasema ni mpole kunishinda mimi siku za Jumatatu. Jumatatu ndiyo mbaya, maanake Jumanne ndiyo mashine. Jumanne na Ijumaa nalala hapo, damu yangu inatoka kwa mrija, inazungushwa, inasafishwa, inarudi ikiwa baridi. Siku zilizobaki nafundisha. Watoto wa darasa la nne wananiuliza kwa nini mwalimu ana rangi ya jivu, nami nawaambia ni kwa sababu ya mwandiko wao.

Umetaja Uholanzi. Ulipaswa kuvuta watu mpaka kilomita ya thelathini. Tulikuona sote kwa televisheni ya shangazi, kilomita ya kumi na tano, umekaa kando ya barabara unakula ndizi ya mtu. Mama alizima televisheni akasema ni stima imepotea. Mimi figo yangu ikikaa kando ya barabara sitapata ndizi.

Chepkirui nimemwambia akae. Damu yake ilikuwa inaingiana na yangu, na alikuwa tayari kuja kupimwa kabisa. Alilia kidogo. Nadhani ni kwa furaha, na simlaumu. Sikuona sababu ya kumpasua msichana wa miaka ishirini na minne kama nina ndugu mnene.

Niandikie jina la daktari wako na siku uliyoambiwa urudi. Daktari wangu hapa anataka kuongea na yeye.

Jebet


Kimumu
10 Machi 2024

Dada yangu,

Vumbi la huku limekuwa jingi mpaka tunatema matofali. Vinginevyo tuko wazima. Angeline ameanza kuuza mandazi kwa geti, mbele ya macho yangu, wakati huu wa vita. Nimemwambia huo ni uhaini. Amesema nihame.

Sasa sikia ripoti. Nakimbia kila siku isipokuwa Jumapili, na Jumapili natembea haraka kwenda kanisani. Natoka wakati mmoja na wanariadha. Kikundi cha kwanza kinanipita kabla sijafunga kamba. Cha pili kinanipita nikiwa nimeanza kutoa jasho. Halafu wote wanazunguka na kunipita tena wakirudi, na kuna kimsichana kimoja, kinaitwa Chelimo, kila siku kinaniambia, "Pole na kazi, mzee." Sijui kama ni heshima. Mvulana mwingine aliuliza kama ninatafuta ng'ombe.

Kupima, napima kwa mizani ya Ndungu, yule anayenunua mahindi hapa stage. Napanda pale anapowekea gunia. Siku ya kwanza aliita watu. Alisema, "Hii ni grade gani?" na wakulima wakasema nina unyevu mwingi, nianikwe. Wiki ya pili nilikuwa nimeshuka kilo moja kamili. Nilimnunulia kila mtu soda. Wiki iliyofuata kilo ikarudi, na ilikuja na mgeni. Hizi kilo tatu zimekuwa kama wapangaji wa korti, ukiwatoa mlangoni wanaingia dirishani. Chakula nimepunguza. Chai nakunywa bila sukari, kitu ambacho sikudhani nitaandika maishani. Chapati naangalia tu.

Lakini mwili unafanya kazi, hiyo naijua. Nikirudi nakunywa maji mpaka jagi linalia. Jagi la kwanza linapita kama halikuwa maji, la pili ndio nasikia utamu. Nimekuwa kama ngamia wa Turkana. Hiyo ni dalili ya mtu anayejenga figo.

Ngoja tu.

Mwenye mbio,
Kipyego


Karatina
21 Aprili 2024

Kipyego,

Usiniandikie tena habari za maji.

Mimi napimiwa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na kidogo cha kumezea dawa. Kinachozidi kinakaa kwa mapafu. Juzi nilimwona mwanafunzi akimwaga maji ya kunawa nikasimamisha somo nimwangalie. Halafu nafika kwa mashine, nafungua barua ya ndugu yangu ili masaa yaende, na ananiambia jagi la pili lina utamu. Ungekuja hapa ukanywa ukiwa umesimama mbele ya kitanda changu ningekuelewa zaidi.

Nyumbani ni mvua. Daraja la kwenda shuleni limebebwa. Mbuthia hajambo, ng'ombe ameacha teke.

Wangeci, mama wa kitanda cha pili, ambaye tulikuwa tunasoma barua zako pamoja, hayuko. Alikuwa anangoja mtoto wa dada yake amalize mitihani ndipo akatwe. Alingoja vizuri sana, kwa adabu. Ijumaa nilikuta kitandani kwake mzee ambaye hata hakujua alilalia nafasi ya nani. Wangeci alikuwa anakupenda. Alisema, "Huyo ndugu yako atakuua kwa kicheko." Nilicheka.

Hujaandika jina la daktari. Umeandika jina la mizani, la msichana wa mbio, na la mandazi.

Chepkirui amenipigia simu tena. Kuna wakala anataka kumpeleka Saudi kufanya kazi za nyumba. Aliuliza kama nina hakika na wewe, kwa sababu akienda ameenda, ni miaka miwili. Nikamwambia nina hakika. Nilitumia neno hilo. Sasa wewe shuka kilo zako, au ukate mguu mmoja upime bila huo.

Jebet


Kimumu
30 Juni 2024

Mwalimu,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kuitumia kwa posta. Sasa imepoa, ingawa si yote.

Salamu kwa wote. Pole kwa Wangeci. Huku tumepanda na tumepalilia. Ainabkoi baridi imeuma viazi za shangazi. Nilienda Timboroa kuchukua viatu kwa wale wa kambi ya riadha ya huko nikarudi na kikohozi na pea moja yenye viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto. Angeline anasema nimekuwa mkali. Si ukali, ni njaa.

Unaniambia nikate mguu. Sawa, ni mzaha, sisi wote tumetoka tumbo moja na mdomo ni ule ule. Lakini wewe umelala na mimi nakimbia, Jebet. Nakimbia kwa mvua. Matope ya Kimumu unayajua, kila kiatu kinakuwa kilo tatu peke yake. Nimeuliza makocha, watu wa kweli, wanaotoa mabingwa. Mmoja amesema mwili wangu umezoea, niongeze mlima. Nimeongeza mlima. Mwingine amesema ninakimbia polepole mno, na mwingine akasema ninakimbia haraka mno, na Chelimo akasema labda nilale. Ndungu amekataa kunipima siku za soko kwa sababu wakulima wanaacha kuuza mahindi wanaweka dau. Mizani inakuja pale pale, kama imetiwa msumari.

Na kwa vile umefungua mdomo, mimi nifungue wangu. Nani aliacha shule form two akaenda kuchunga ng'ombe za watu ndio wewe uende chuo cha walimu? Sikuombwa. Nilisema sipendi vitabu. Nilikuwa napenda vitabu. Wewe uliondoka na sanduku langu la shule, na jina langu lilikuwa limeandikwa juu na msumari, ukalipaka rangi. Kwa hivyo usiniulize jina la daktari kama polisi. Mtu ambaye amekupa maisha yake mara moja anaweza kuaminiwa mara ya pili.

Figo iko. Kilo ndizo hazitaki kutoka.

Kipyego


Karatina
15 Julai 2024

Kipyego,

Sanduku nililipaka rangi kwa sababu nililia kila nikiliona jina. Hilo tumemaliza.

Miguu imevimba, navaa viatu vya Mbuthia. Shule wamenipa likizo. Hakuna habari nyingine.

Siwezi kula hasira yako na siwezi kula mizaha yako. Chakula changu kina masharti. Jina la daktari.

J.


Kimumu, Jiji la Eldoret
25 Agosti 2024

Dada Jebet, simama kama unaweza,

Zimetoka.

Zimetoka zote tatu, na nyingine zimefuata bila kuitwa. Kwanza angalia anwani hapo juu: sisi sasa ni watu wa jiji, tumepewa hati, kwa hivyo unaandikiwa na mtu mwembamba wa mjini. Mwezi mzima sikuenda kwa Ndungu kwa sababu ya aibu. Wiki jana nikapanda. Ndungu akagonga mizani na ngumi. Akaweka gunia lake analolijua uzito, gunia likasema ukweli. Nikapanda tena. Akasema, "Kipyego, umeenda wapi?" Nilikuwa nangoja maneno hayo tangu Januari.

Suruali inashikwa na kamba. Pete inaanguka nikiosha mikono. Na sikuongeza chochote, kusema kweli nimepunguza mbio, kwa maana siku hizi nachoka nikifika tu kwa kona ya kanisa. Ni kama mwili umeelewa wenyewe. Kiu bado ipo lakini umenikataza nisiitaje. Miguu inachoma usiku kama nimekanyaga upupu, hiyo ni viatu vya mitumba, vile vizuri nauza, vinavyoniua navaa. Nimeandika na herufi kubwa kwa sababu miwani ya Angeline niliyokuwa naazima imepotea. Siku hizi naona watu wawili wawili wakiwa mbali, ndio maana Eldoret imekuwa jiji.

Nimekuwekea picha, Collins alipiga nikiwa nimesimama mbele ya viatu. Mwonyeshe daktari wako. Mwambie aseme tu siku. Mwambie Chepkirui safari njema, atuletee tende.

Mwanamume wa kilo zinazofaa,
Kipyego


Karatina
8 Septemba 2024

Ndugu yangu Kipyego,

Sina nguvu ya salamu. Wazima ni wazima.

Picha nilimpa Mbuthia aiangalie kwanza. Alisema, "Huyu ni mama yako amevaa suti." Halafu akaenda nje kwa ng'ombe na hakuwa na kazi huko.

Nimeitundika kwa mrija wa mashine nikaiangalia masaa yote. Nimeiona ile shingo. Wewe ulikuwa kwa kambi za watu wakati mama alikuwa anaisha, mimi ndiye nilikuwa namwosha. Alianza na maji. Mtungi mzima uani, na bado analalamika. Halafu miguu kuchoma, akilalia godoro na soksi zilizoloa. Halafu kuona watu wawili wawili. Mwaka mzima alikuwa mnene na tukimcheka, halafu kwa miezi miwili akawa nguo tu, na majirani wakamsifu kwa kupungua. Alifurahi. Aliniomba nimpunguzie rinda lake la kanisa. Nililipunguza, Kipyego, kwa mikono hii, nikidhani ni baraka.

Ni sukari. Usiniambie ni viatu.

Sasa sikiliza vizuri kwa sababu hii ndiyo barua ya mwisho naweza kuandika kwa mkono wangu. Chepkirui anapanda ndege tarehe ishirini na mbili. Daktari wangu amesema moyo umeanza kuchoka na hawezi kuniahidi Krismasi nikiendelea hivi. Kwa hivyo maneno yako si mzaha tena, yana uzito, ndiyo kitu pekee chako ambacho kimeongezeka. Kama ulijua, na ukanifanya nimfukuze yule msichana mara mbili, basi hujanipa maisha yako mara ya pili. Umenikalia kifuani ukinichekesha.

Na kama hukujua, nenda ukapimwe leo. Usimalize kusoma.

Kama ulijua, nenda pia. Mimi siwezi kufa huku nikijua ninamwacha Angeline mjane, na picha yenye mdomo wako kwa ukuta.

Dada yako,
Jebet


Ainabkoi
13 Septemba 2024

Dada,

Barua yako ilifika jana. Leo niko kwa shangazi, naandikia juu ya gunia la viazi, Angeline ananishikia karatasi. Watu wa hapa wanakusalimia. Shangazi haongei na mimi. Ameniwekea chai na hakuniangalia.

Nilikuja kwa Chepkirui mwenyewe. Nilianza kwa kumchekesha, ndivyo ninavyoanza, na hakucheka. Nikamwambia yote, mbele ya mamake na wakala wake ambaye alikuwa amekuja na karatasi za safari. Wakala alisimama akaniita jina ambalo siwezi kukuandikia kwa vile wewe ni mwalimu, lakini lilikuwa linanitosha. Chepkirui aliuliza, "Tangu lini?" Nikamjibu. Akaniambia, "Kwa hivyo ningekatwa mwezi wa pili nilipolia, sasa ningekuwa nimeshapona kidonda." Halafu akaingia ndani akakaa sana.

Ndiye amekuletea barua hii. Mpokee vizuri. Hajaahidi chochote. Amesema atakuja Karatina apimwe, aone uso wako, ndipo aamue, na kama tarehe ishirini na mbili itampita itampita. Usimshukuru kabla. Hataki. Na usimwombe msamaha kwa ajili yangu, amesema huo atautafuta mwenyewe kwangu akiwa na nafasi.

Asubuhi nilipitia hospitali. Nimeanza dawa. Muuguzi alinikaripia kwa sababu ni zile zile walinipa Januari nikaweka juu ya kabati. Nilikuwa nafikiri nikizimeza nitakuwa nimekubali, itaandikwa kwa faili kwamba mimi ni mgonjwa, na mgonjwa hatoi figo. Nilisikia mtu mmoja wa kambi akisema alikimbia sukari ikaisha. Nikasema mimi nimevuta Wazungu, nitashindwa na sukari. Nilikuwa nakimbia kweli, Jebet. Hiyo usiitoe. Yale matope ni ya kweli, mlima ni wa kweli, na Ndungu yuko, muulize. Kila asubuhi nilikuwa najua nikirudi nyumbani itakuwa imeisha na nitaenda kwa yule daktari aniangalie tena na aone haya.

Jina lake silijui. Sikukaa naye muda wa kumwuliza.

Hakusema damu yetu ni moja. Hakusema figo zangu ni za kijana. Habari ya kilo tatu niliitunga nikiwa kwa lango la hospitali, kwa sababu kilo ni kitu mtu anaweza kupunguza. Alinitoboa kidole, akaangalia mashine yake, akasema, "Wewe huwezi kumpa mtu kitu." Sikufika hata kwa chumba cha pili. Bahati niliyokuandikia haikuwepo. Nilikudanganya kutoka mstari wa kwanza.

Kipyego